Mashine ya Kutembea Nayo Isiyopenda Kutembezwa

Fundi aliweka pleya mbili za CD mezani, akanipa hedifoni, akasema, "Dada, usiangalie. Sikiliza tu."

Nilifumba macho. Tulikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili ya jengo lililojaa mafundi simu, na yeye ni mmoja wa wachache ambao bado wanakubali kufungua redio na pleya. CD nilikuja nayo mwenyewe, taarab ya Unguja yenye kundi kamili: fidla, nai, ganuni (kile kinanda cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), akodiani, dumbaki. Kwenye mashine ya kwanza ganuni ilianza peke yake, na kila uzi ulipopigwa niliusikia unalia, unafifia, mpaka unamezwa na uzi unaofuata. Akahamisha CD. Kwenye mashine ya pili ganuni ilikuwa ileile, ila nyuzi zilikuwa zimepoteza mkia. Uzi unalia, halafu haupo. Wapigaji nao walikuwa wamebanwa pamoja, hakuna nafasi kati ya mmoja na mwenzake.

Nikafumbua macho. Ya kwanza ilikuwa Sony nzito ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyeusi, mfuniko wa chuma uliochubuka pembeni. Ya pili ilikuwa Sony pia, ya miaka ya 2000, nyembamba, ya rangi ya fedha, na nasema bila kusita kwamba ndiyo iliyokuwa kitu kizuri kuliko vyote pale mezani. Niliitamani kabla sijaisikia.

Kisha fundi akaigeuza ile nyembamba, akasukuma kiswichi kidogo kwa ukucha kutoka 2 kwenda 1.

"Sikiliza tena."

Mkia ulirudi. Si wote, lakini ulirudi.

Niliondoka bila kununua kitu. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo kile kiswichi hakikunitoka kichwani. Nilikwenda kutafuta pleya yenye sauti nzuri na umbo zuri, nikidhani hayo ni mambo mawili yanayoweza kukaa pamoja nikitafuta vya kutosha. Kumbe kuna mtu kiwandani aliyejua kwamba yanagombana, akaweka swichi ili mimi ndiye niamue.

Kwa nini CD, na kwa nini ya mkononi

Swali hili naulizwa sana na wadogo zangu, kwa hiyo acha nilijibu haraka. Ninazo CD za taarab ambazo nyingi zilirekodiwa na kampuni za Ulaya zilizokuja Unguja na Mombasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyingine nilizinunua kwenye meza za tamasha la muziki la Sauti za Busara, Unguja. Zina vijitabu vyenye mashairi, majina ya wapigaji, na picha za watu ambao wengi wametangulia mbele ya haki. Nyimbo kadhaa nimezitafuta kwenye simu sikuzipata, na nilizozipata hazina jina la mpiga ganuni.

Ami yangu alifanya kazi Muscat, na kila likizo alirudi na pleya ya mkononi shingoni kwenye mkoba wake wa ngozi. Sisi watoto tuliruhusiwa kuishika tukiwa tumekaa. Ukisimama tu nayo, unanyang'anywa.

Wakati ule niliona ni ukali wa mtu mzima.

Kipande cha mbao

Nilianza kusoma habari za mashine hizi zilikotoka, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba umbo lilitangulia mashine.

Pleya ya kwanza ya CD kuingia madukani, Sony CDP-101, ilitoka Japani Oktoba 1982 kwa yen 168,000. Ilikuwa ya mezani, nzito, ya mtu mwenye nafasi. Ndani ya kampuni, Kozo Ohsone, mkuu aliyesimamia vifaa vya sauti, akatengenezesha kipande cha mbao: upana sentimita 13 na ushee, unene sentimita 4 hivi, karibu sawa na makasha manne ya CD yakibebanishwa. Akawaonyesha wahandisi wake kwamba ukubwa unaotakiwa ndio huo. Novemba 1984 ikatoka pleya yenyewe, D-50, kwa yen 49,800. Jina la Discman, walilokuja kuzipa pleya zao za mkononi, likaja baadaye.

Napenda sana habari hii. Mtu ameshika mbao mkononi, hakuna hata skrubu moja ndani yake, na tayari anajua kitu kitakavyokaa mkononi mwa mnunuzi.

Lakini itazame D-50 yenyewe. Ndani hamna betri. Ukitaka kutoka nayo unabeba kasha la betri la pembeni. Nyuma yake kuna tundu la kuiunganisha na redio kubwa ya sebuleni, na ndiko ilikofanyia kazi nyingi. Ilikuwa mashine ya kubebeka, bado haijawa ya kutembea nayo. Na upana wake haukuwa na la kujadili: CD ina sentimita 12, hakuna pleya itakayokuwa nyembamba kuliko CD yake kwa ubavu. Kilichobaki cha kushindania ni unene peke yake. Kwa hiyo kwa miaka 20 iliyofuata kampuni zote zilikimbilia upande mmoja, kupunguza milimita, na nadhani hapo ndipo sauti ilipoanza kulipa gharama.

Adui mwenyewe

Watu wengi hudhani adui wa CD ni mikwaruzo. Mikwaruzo ilishafikiriwa tangu mwanzo. Taarifa kwenye diski hazikupangwa kwa mfuatano. Zimechanganywa na kutawanywa, na juu yake pameongezwa hesabu za kusahihisha makosa, kiasi kwamba kipande cha njia chenye urefu wa milimita 2.5 kinaweza kufutika kabisa na muziki ukatoka bila kasoro.

Adui ni mtikisiko.

Fundi alinionyesha kwa namna ambayo sitaisahau. Alifungua mfuniko wa ile nyeusi, akakibana kile kitufe kidogo cha pembeni kwa kijiti cha kiberiti ili mashine idhani imefungwa. Diski ilianza kuzunguka mbele yetu. Akaisimamisha, akaitoa, akabana tena. Safari hii tuliona lenzi yenyewe, ndogo sana, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, ikitafuta diski isiyokuwepo. "Inapiga mbizi," akasema. Akanikataza kuinamia juu yake, maana diski husomwa kwa mwanga wa leza, na leza ni leza hata kama macho hayaioni vizuri.

Ile lenzi imening'inizwa kwenye nyaya laini mno, na kazi yake ni kufuata njia moja ndefu inayoanzia katikati ya diski kwenda ukingoni. Kati ya mzunguko mmoja wa njia hiyo na unaofuata pana maikromita 1.6 tu. Unywele wa mtu ukiulaza juu ya diski unafunika mizunguko kama hamsini. Na wakati huo diski inazunguka mara 500 kwa dakika ikiwa mwanzoni, ikipunguza mpaka 200 hivi inapofika mwisho. Sasa kipeleke kitu hicho kwenye daladala ya Gongo la Mboto.

Ami hakuwa mkali. Pleya yake ya miaka ile haikuwa na akiba yoyote ya muziki. Leza ikiteleza, sauti inateleza hapohapo.

Sekunde arobaini zinatoka wapi?

Dawa ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashine inaizungusha diski kwa kasi zaidi ya inavyohitaji, inasoma mbele, inahifadhi muziki kwenye chipu ya kumbukumbu, halafu inakupigia kutoka kwenye chipu. Leza ikiteleza, kuna akiba ya kusikiliza wakati inarudi kwenye njia yake. Sekunde 3 kwanza, kisha 10, kisha 40 na zaidi. Sony waliita ESP, Panasonic wakaandika ANTI-SHOCK kwa herufi kubwa kwenye mfuniko. Namba za sekunde zikawa ndizo zinazouza.

Usiku mmoja nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na kwangu hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Muziki wa CD ni biti (tarakimu za 0 na 1) 1,411,200 kwa kila sekunde: sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100, za biti 16, kwa pande mbili. Chipu ya megabiti 4 (biti milioni nne na ushee), ambayo ilikuwa ya kawaida kwenye pleya za kwanza za namna hii, inabeba sekunde 3 za muziki huo, basi. Chipu ya megabiti 16 inabeba sekunde 12 hivi. Sasa mashine yenye chipu kama hiyo ikikuandikia sekunde 40 kwenye mfuniko, sekunde nyingine 28 imezipata wapi?

Imezikandamiza. Hakuna njia nyingine. Muziki unapoingia kwenye chipu unapunguzwa mpaka robo yake au karibu na hapo, na kinachotupwa ni kile ambacho wahandisi walitegemea sikio halitakikosa ukiwa barabarani, kwenye kelele. Na walikuwa sahihi! Kwenye kelele hutakikosa. Mkia wa ganuni hauwezi kushindana na konda anayegonga bodi.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mbele ya fundi, nimefumba macho.

Baadaye nikakutana na maelezo ya matumizi ya pleya za kundi la ile nyembamba, zile zenye kinga waliyoiita G-PROTECTION. Yanasema wazi: namba 1 ni kwa ajili ya kinga pamoja na sauti bora ya CD, namba 2 ni kwa ajili ya kinga kubwa zaidi. Kwa hiyo sikujidanganya masikio. Mtengenezaji mwenyewe ameandika.

Jambo lililoniudhi kidogo ni hili: kwenye ile nyembamba kinga haizimiki. Unachagua kidogo au nyingi. Pleya za miaka kumi kabla yake zilikuwa na kitufe cha kuzima kabisa, muziki ukatoka kwenye diski moja kwa moja.

Unene ulipopungua

Nilipoanza kuangalia kwa jicho hilo, nikaona mengine.

Angalia nguvu ya hedifoni. Pleya nyingi za miaka ya 1990 ziliandikwa miliwati 15 kila upande; nyembamba za miaka ya 2000 mara nyingi zilishuka mpaka 5. Sehemu ya sababu ni betri, kwa maana ahadi ya saa nyingi za kusikiliza kwa betri mbili ndogo ilibidi ipatikane mahali. Sehemu nyingine ni sheria. Ufaransa mwaka 1996 ilipitisha kikomo cha desibeli 100 kwa vifaa vya muziki vya mkononi ili kulinda masikio ya vijana, na pleya zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zikapunguzwa sauti. Sheria yenyewe naiunga mkono. Ila ukiokota pleya ya mtumba iliyotoka Ulaya ukaona haisikiki na hedifoni zako nzuri, usimlaumu fundi.

Tundu la LINE OUT nalo likaanza kupotea. Hili ndilo linalotoa muziki kabla haujapita kwenye kikuza sauti kidogo cha hedifoni, ukaupeleke kwenye amplifaya unayoiamini. Kwenye pleya za mwanzo lilikuwa tundu lake lenyewe. Baadaye likaunganishwa na la hedifoni, ukabadilisha kazi yake ndani ya menyu, halafu kwenye modeli nyingi likaondoka kabisa. Ukilitaja kwa watu leo wanakuangalia tu, lakini kwa mtu mwenye spika nyumbani ndilo linaloifanya pleya ndogo iwe pleya kubwa.

Na betri. Ili kupata wembamba ule, kampuni zilitumia betri bapa za kuchaji zenye umbo la kipande cha chingamu. Zinapendeza. Zimekufa karibu zote, na nenda Kariakoo nzima, nenda Luthuli Avenue kule Nairobi, uone kama utaipata nzima. Baadhi ya pleya hizo huja na kasha la nje la betri za AA, na kasha hilo ndilo la kwanza kupotea nyumbani kwa mwenye nalo. Pleya nzuri kupindukia inabaki kuwa pambo la kabati kwa sababu ya kipande kimoja cha betri.

Huo mimi siuiti usanifu bora.

Lakini uzuri una haki yake

Nilifika mahali nikataka kuandika kwamba sauti ndiyo kila kitu na umbo ni ushawishi wa dukani. Nilijizuia, kwa sababu si kweli, na mimi siamini hivyo.

Mwaka 1999 Sony walitoa D-E01 kuadhimisha miaka 15 ya pleya zao za mkononi. Haina mfuniko wa kufunua. Unaichomeka CD ubavuni inamezwa. Huhitaji kuambiwa chochote, mkono wako unajua la kufanya. Miaka michache baadaye iRiver wa Korea Kusini walitoa SlimX, nyembamba kuliko vidole viwili, iliyokuwa ikisoma pia CD za MP3, na vijana wa wakati ule walijua wameshika kitu kipya.

Na kuna ile ya ukutani aliyoichora Naoto Fukasawa kwa ajili ya Muji, ambayo si ya mkononi lakini siwezi kuiacha. Ni kisanduku cheupe chenye kamba inayoning'inia. Unavuta kamba, CD inaanza kuzunguka, wazi kabisa, bila mfuniko, na muziki unatoka. Ipo kwenye makusanyo ya jumba la sanaa la MoMA, New York. Nilitazama video yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Kinachonivuta si weupe wake. Ni kwamba mashine inakuonyesha inachokifanya. Diski inazunguka, basi unajua.

Hapo nikabadilisha maana niliyokuwa nayo ya umbo zuri. Milimita hazina tena uzito mkubwa kwangu. Nataka mashine ambayo kila swichi yake naiona na naijua inafanya nini, ambayo kinga yake inazimika, ambayo dirisha lake linanionyesha diski, na ambayo betri yake inauzwa dukani kwa Mangi.

Za sasa

Kuna mtu atasema, achana na mtumba, nunua mpya. Nilifikiria hivyo kwa siku nyingi, maana pleya mpya zipo na si za utani.

FiiO wa China walitoa DM13 mwaka 2024. Ina chipu mbili za kugeuza namba kuwa sauti, aina ya CS43198, tundu la hedifoni la kawaida la milimita 3.5 na lile la 4.4, na unaweza kuitumia kwa umeme wa ukutani bila kuitesa betri. Ilipotoka bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Moondrop wana Discdream, Shanling wana EC Zero. Nilichokipenda kwenye picha zao zote ni kwamba zimekubali kuwa nene tena. Hakuna anayeshindania milimita. Waliozichora wameelewa kwamba mnunuzi wa leo amekaa chini, anasikiliza.

Nina wasiwasi na mambo mawili. Baadhi yake zinatangaza Bluetooth kama sifa kubwa, na hapo ile hesabu yangu inarudi: ukituma muziki wa kilobiti 1,411 kwa sekunde kwa njia ya kawaida ya Bluetooth inayoishia kwenye 328 hivi, umekandamiza tena kilekile ulichonunua CD ili usikikandamize. Ipo, usiitumie kwa taarab. La pili ni leza. Pleya mpya ikichoka leza baada ya miaka, fundi wangu ataipata wapi nyingine? Alinifungulia droo yake: lenzi za redio kubwa za CD zimejaa, zile za KSS-213 ambazo bado zinatengenezwa za kuiga kila kona. Za pleya za mkononi zilikuwa za kukwangua kutoka kwenye mashine zilizokufa.

Hata hivyo, ningekuwa na fedha hiyo ya ziada mwezi ule, huenda makala hii ingeishia hapa.

Ile nyeusi

Na kwa nini sikurudi tu kuchukua ile nzito iliyoshinda kwa sauti? Nilirudi. Tuliifungua.

Mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zina ugonjwa mmoja. Kapasita ndogo, vile vikopo vya kutunza umeme vilivyolehemiwa juu ya bodi, huvuja. Maji yake hula njia za shaba chini yake taratibu, na dalili ya kwanza mara nyingi ni upande mmoja wa sauti kufifia au mkwaruzo unaokuja na kuondoka. Bodi ya ile nyeusi ilikuwa imeanza kupata ukijani kwenye pembe moja. Fundi aliweka ncha ya kalamu pale, akanyamaza, akanitazama.

"Naweza kubadilisha zote," akasema. "Lakini nikianza sijui nitakuta nini chini."

Namheshimu kwa jibu hilo.

Siku hiyo alinifundisha pia kupima, na tangu hapo napima hivi kila ninaposhika pleya ya mtu. Naanza na wimbo wa mwisho wa diski, si wa kwanza, kwa sababu CD inasomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi. Leza iliyochoka inafichuka huko. Halafu naweka CD ya kuchoma nyumbani. Hizo hurudisha mwanga kidogo kuliko CD ya kiwandani, kwa hiyo mashine inayozikataa huenda imeanza kuzeeka jicho. Nashusha sauti mpaka karibu na sifuri nisikilize kama pande zote mbili zinazimika pamoja, nakizungusha kitufe cha sauti taratibu nisikie kama kinakwaruza. Nafungua kasha la betri na kunusa. Kutu ya betri ina harufu yake, na ukishaijua huipotezi.

Muuzaji anayekukataza kufanya haya, mwachie pleya yake.

Niliyoichukua

Ni Panasonic ya katikati ya miaka ya 1990. Ya plastiki, ya kijivu, pana kuliko kiganja, na mtu akiiona mezani hataulizia bei. Kwenye mfuniko kuna dirisha la mviringo na maneno MASH na 1 BIT DAC, jina la mbinu ya kugeuza namba kuwa sauti iliyotokana na utafiti wa NTT wa Japani na ambayo Matsushita, iliyokuwa kampuni mama ya Panasonic wakati ule, waliitia kwenye mashine zao nyingi. Inatumia betri mbili za AA. Ina LINE OUT peke yake, mbali na tundu la hedifoni. Ina ANTI-SHOCK ya sekunde 10, na kitufe chake kinazima kweli. Bodi ni kavu. Wimbo wa mwisho ulipita bila kusita, na CD ya kuchoma pia.

Si yenye sauti tamu kuliko zote nilizosikia. Ile nyeusi ilikuwa na uzito fulani kwenye besi ambao hii haina. Dumbaki linasikika dogo kidogo. Lakini kinga ikiwa imezimwa, mkia wa ganuni upo, mpaka mwisho wake, na kati ya fidla na akodiani pana nafasi ya mtu wa tatu.

Kuhusu umbo, nimeishi nayo vya kutosha kusema kwamba inanipendeza. Kila kitufe kiko mahali kidole kinapokitafuta gizani. Mfuniko unafunguka kwa mbofyo mmoja mzito. Kupitia dirisha naiona diski inavyoanza haraka na kupunguza mwendo wimbo baada ya wimbo, na nikiiona inayumba najua ni diski, si mashine.

Kwenye boti ya kwenda Unguja bahari ikichafuka nawasha ANTI-SHOCK bila kinyongo. Injini inavuma, watoto wanalia, hakuna ganuni ya kupoteza. Nikifika kwa mama naizima, nachomeka waya kwenye LINE OUT, upande wa pili kwenye amplifaya yake ya zamani, na spika zinafanya kazi ambayo betri mbili za AA haziwezi.

Kilichobaki kilikuwa hedifoni. Zangu za ohm 250, yaani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, za studio, zilikuwa zinanong'ona tu kwenye pleya hii hata sauti ikiwa mwisho, kwa sababu volti 3 za betri mbili hazitoshi kuzisukuma. Nilinunua za kawaida za ohm 32, za mgongo wazi, za waya mfupi, na zinaitosha kwenye namba 6 kati ya 10. Zile kubwa nimezihamishia kwa mama, zinakaa kwenye amplifaya.